Majina ya Wanawake wa Machimboni

Lugha ya Kiswahili ni kama ghala la mkulima mwenye bidii. Halipungukiwi na maneno. Linalo jina la mchimbaji wa dhahabu na jina la mnunuzi wake. Linalo jina la mwenye duara na jina la mponda mawe. Lakini tukiingia katika ghala hilo kutafuta majina ya mwanamke auzaye mwili wake na ya mwanamume aununuaye, twaona ajabu. Upande mmoja umejaa hata darini: malaya, kahaba, changudoa, dada poa, mwanamke wa baa, mwanamke anayejiuza. Upande wa pili hamna kitu ila neno moja, "mteja". Ndilo neno lile lile apewalo mtu mwema aendaye dukani kununua sukari na chumvi.

Katika makala hii twataka kuyaweka maneno hayo katika mizani, kama dhahabu iwekwavyo mwaloni, tupate kujua lipi ni la kweli, lipi limechanganyika na mchanga, na lipi ni uongo mtupu. Hatuandiki ili kuutetea uzinzi. Amri ya Mungu juu ya uzinzi iko pale pale, wala hatuna ruhusa ya kuifuta. Lakini katika mbao zile zile alizopewa Musa imo pia amri ya kutomshuhudia jirani uongo. Mtu aishikaye amri moja kwa mkono na kuivunja nyingine kwa ulimi, huyo hajaishika sheria.

Kwanza yafaa tuitazame nchi yenyewe. Shinyanga na Geita ni nchi ya ng'ombe na pamba, tena ni nchi ya almasi na dhahabu. Mgodi wa almasi wa Mwadui ulianza mwaka 1940. Dhahabu ya Geita ilichimbwa na kampuni wakati wa utawala wa Waingereza, na mgodi ule wa zamani ulifungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa siku hizi ulifunguliwa Geita mwaka 2000, wa Bulyanhulu mwaka 2001, na wa Buzwagi mwaka 2009. Huu wa mwisho ulifungwa mwaka 2021. Walakini watu walio wengi hawakuchimba ndani ya uzio wa kampuni. Walichimba kwa sururu na nyundo, huko Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, Mwakitolyo na penginepo. Hata Bulyanhulu kwenyewe palikuwa na wachimbaji wadogo wengi sana, hata Agosti 1996, walipoondolewa.

Basi habari ya dhahabu mpya ikisikika, watu hukimbilia huko kutoka Mwanza, Kagera, Kigoma, Tabora na mahali pengi. Majuma machache hayapiti, porini pamesimama mji wa turubai na miti. Wanawake nao huja. Mmoja ni mjane aliyenyang'anywa shamba na ndugu za marehemu. Mwingine ameachwa na mume. Mwingine ni mke mwema aliyekuja pamoja na mumewe. Wapo wapikao chakula, ndio mama ntilie. Wapo wapondao mawe kwa nyundo tangu asubuhi hata jioni. Wapo waoshao marudio, wauzao maji, wauzao nguo za mitumba, wahudumuo katika baa. Na wapo waendao kwa wanaume kwa ajili ya fedha.

Sasa angalieni jambo moja. Machimboni pengi watu husadiki ya kuwa mwanamke akilikaribia duara, hasa akiwa katika siku zake, dhahabu itakimbia. Kwa imani hiyo mwanamke huzuiwa asishuke mahali ambapo fedha hupatikana kwanza. Hana budi kuingoja fedha ile itoke shimoni katika mkono wa mwanamume, ndipo naye aipate kwa sahani ya wali, au kwa debe la maji, au kwa njia nyingine. Wamemfungia mlango, kisha wastaajabu kumwona apitia dirishani. Na wakati wa kumpa jina, wamtaja yule aliyepita dirishani, bali aliyefunga mlango hatajwi.

Tena jina lenyewe halichagui. Mama ntilie aamkaye saa kumi ya alfajiri kuwasha moto, na mponda mawe mwenye malengelenge mikononi, wote huitwa malaya wa machimboni na watu wa vijiji vya jirani, kwa sababu tu wanaishi mahali pale bila baba wala mume. Mwaka 2013 Deborah Bryceson na wenzake wawili, Jesper Bosse Jønsson na Hannelore Verbrugge, walichapisha uchunguzi wao juu ya makao ya wachimbaji wa dhahabu katika Tanzania, wakaliweka swali hili katika kichwa cha maandiko yao: je, huu ni ukahaba au ni ushirika? Waliona ya kuwa wengi waishio pamoja huko, ijapokuwa hawakufunga ndoa, hawawezi kutiwa wote chini ya jina moja la ukahaba. Sisi Wakristo tutasema ya kuwa ndoa isiyofungwa ina upungufu wake, na ni kweli. Lakini upungufu wa namna moja usiitwe kwa jina la namna nyingine. Mgonjwa wa homa akipewa dawa ya kichaa hatapona.

Na sasa tuyapime maneno moja moja.

Neno la kwanza ni "malaya". Kiswahili chetu hakitengi maneno ya kike na ya kiume. Neno "mwalimu" ni la mume na la mke, "mgonjwa" kadhalika. Kwa kanuni ya sarufi, "malaya" na "kahaba" yangeweza kumwangukia mwanamume vilevile. Lakini mwambie mtu, "Nimemwona malaya njiani," kisha mwulize umeona nani. Hatadhani ya kuwa umeona mwanamume. Sarufi iliwaweka wawili, masikio yetu yamemtoa mmoja. Na mwanamume akiitwa malaya, mara nyingi wenzake hucheka, naye hucheka nao, na kesho jina limekwisha toka. Kwa mwanamke haliondoki. Hukaa naye hata uzeeni, na watoto wake hulirithi.

Zamani neno hili lilikuwa na mipaka yake. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya wanawake wa Nairobi wakati wa ukoloni, aeleza ya kuwa wenyewe walitenga namna tatu. Walikuwapo watembezi, waliotafuta wanaume njiani. Walikuwapo malaya, waliokaa ndani ya vyumba vyao wakimngoja mgeni na kumpa chai au chakula. Na walikuwapo wazi-wazi, waliokaa mlangoni mwa vyumba vyao. Hao wa namna ya tatu walijulikana sana miaka ya 1930, na wengi wao walitoka Bukoba. Kwa fedha waliyoipata, wengi waliwasaidia wazazi wao na kununua mashamba nyumbani. Lakini watu hawakuuliza mambo hayo. Walilitwaa jina la kabila zima la Wahaya wakalifanya kuwa tusi, na kwa miaka mingi hata mama mwenye ndoa yake na ubatizo wake, akisafiri kutoka Bukoba, alitazamwa kwa jicho lile lile. Hivi ndivyo lifanyavyo neno lisilochungwa. Huanza kwa wachache, kisha hula nyumba zote za kijiji, mfano wa moto wa kiangazi.

Neno la pili ni "changudoa". Hili ni jina la samaki wa pwani, changu mwenye doa ubavuni. Limepanda kutoka baharini mpaka Kahama na Geita, nalo lasemwa na watoto ambao bahari hawajaiona wala samaki yule hawamjui. Mtu akifanywa samaki, kazi ya samaki yajulikana: huvuliwa, hutiwa bei, huliwa, na mifupa hutupwa. Hakuna amwuliziaye samaki habari za mama yake. Na lile doa katika jina hilo limewekwa juu ya samaki tu. Mvuvi hana doa.

Neno la tatu ni "dada poa". Hili magazeti hulipenda, maana lafanya habari ya huzuni isomeke kama kichekesho. Lakini "dada" ni neno gani? Ni neno la nyumbani, tena ni neno la kanisani. Twaitana ndugu na dada kwa sababu tuna Baba mmoja. Kulitwaa neno hilo na kulifanya la mzaha ni kuliharibu neno jema, na wala hakumpi mwanamke yule udada wowote. Mwenye kumwita dada kwa kweli angemwuliza kama amekula, na kama ana mahali pa kulala.

Neno la nne ni lile la waandishi wenye adabu, "kujiuza". Wengi wadhani ni neno lisilo na lawama. Sisi twaliona kuwa lina hila kuliko yote. Katika Kiswahili kiambishi "ji" hulirudisha tendo kwa mtendaji mwenyewe, kama katika kujinyoa na kujificha. Asemaye ya kuwa mwanamke anajiuza amemfanya kuwa mwuzaji na bidhaa pamoja, na biashara yote imefanyika katika mtu mmoja. Mnunuzi yuko wapi? Hayumo. Lakini hakuna kuuza pasipo kununua. Kidole kimoja hakivunji chawa. Gazeti likiandika ya kuwa wanawake kadha wa kadha wamekamatwa usiku wakijiuza, msomaji mwenye akili aulize: je, walikuwa wakimwuzia nani, mbalamwezi?

Uovu wa neno hilo wazidi linaposemwa juu ya watoto. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto wafanyao kazi katika machimbo ya dhahabu ya Tanzania, Geita na Shinyanga zikiwamo, nayo ilieleza jinsi wasichana wa huko wanavyosumbuliwa na kudhulumiwa na wanaume. Tena uchunguzi wa serikali wa mwaka 2010 juu ya afya ya watu ulionyesha ya kuwa Shinyanga iliipita mikoa yote katika kuwaoza wasichana kabla ya miaka 18. Walikuwa 59 katika kila 100. Msichana aliyeozwa bado mtoto, akamkimbia mume, haruhusiwi kurudi kwa baba yake, kwa maana ng'ombe wa mahari wamekwisha gawanywa. Atakwenda wapi? Machimbo yako karibu. Akionekana huko usiku mlangoni mwa baa, watu husema, "Tazameni kitoto kile, kimeanza kujiuza."

Ndugu zetu, huo ni uongo. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ilikwisha weka ya kuwa mwanamume amwingiliaye msichana aliye chini ya miaka 18, asiye mkewe, amembaka, hata kama msichana alikubali, hata kama alipokea fedha. Basi mtoto yule hajajiuza. Ametendewa jinai, na mtenda jinai amekwenda zake akiitwa mteja. Hapa kosa la neno si kosa la adabu tu. Neno "kujiuza" limemtia mtoto hatiani na kumfungulia mwanamume mlango. Polisi akilisikia, hamtafuti mtu yeyote. Jirani akilisikia, hatoi ushahidi. Mama akilisikia, aona haya kwenda kushitaki.

Hata sheria zimepata kuugua ugonjwa huu. Kanuni ya Adhabu iliyowekwa Tanganyika mwaka 1945 ilifuata maneno ya Kiingereza yaliyomtaja kahaba azururaye na kuwaita watu mahali pa hadhara, kana kwamba ukahaba ni kabila alilozaliwa nalo mtu, wala si tendo. Huko Uingereza maneno hayo yalikuwamo katika sheria ya wazururaji ya mwaka 1824. Mwaka 2009 bunge lao liliyaondoa maneno hayo katika sheria yao ya makosa ya barabarani, likaweka neno "mtu" mahali pake. Tendo bado ni kosa kwa sheria yao, lakini palipokuwa na kahaba sasa pana mtu. Nayo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa shauri mwezi Desemba 2020 ya kuwa sheria za kuwakamata watu kwa uzururaji, kwa vile walivyo na si kwa jambo walilotenda, hazipatani na Mkataba wa Afrika.

Labda msomaji atasema, "Lakini Biblia yenyewe yatumia neno kahaba." Ndiyo, yalitumia, nasi hatusemi ya kuwa neno hilo lifutwe. Twasema tujifunze jinsi Biblia ilitumiavyo. Rahabu wa Yeriko aitwa kahaba katika kitabu cha Yoshua, na katika waraka kwa Waebrania, na katika waraka wa Yakobo. Lakini mahali hapo pote imani yake au wema wake watajwa pamoja na jina lile. Na Mathayo alipoandika vizazi vya Bwana wetu, alimwandika Rahabu kwa jina lake tupu, bibi wa Daudi miongoni mwa mabibi, bila kuongeza neno lolote. Mwana wa Mungu hakuona haya kuwa na bibi kama huyo.

Tusome tena habari ya Yuda na Tamari katika kitabu cha Mwanzo. Yuda alimwona mwanamke njiani amefunika uso, akamdhania kuwa kahaba, akaingia kwake, akamwachia rehani muhuri wake na kamba yake na fimbo yake. Miezi mitatu baadaye aliambiwa ya kuwa mkwewe Tamari ana mimba ya uzinzi, naye mara akatoa hukumu achomwe moto. Jina lilikwisha patikana, na kuni zilikuwa tayari. Ndipo Tamari alipozileta zile rehani, akataka mwenyewe ajulikane. Yuda alizitambua, akakiri ya kuwa mwanamke yule ana haki kuliko yeye. Twaona kuwa kisa hiki kingetosha kuhubiriwa machimboni mwaka mzima. Maana kila jina la malaya lina muhuri na fimbo ya mtu fulani nyuma yake, na mara nyingi mwenye fimbo ndiye aliye mbele kuleta kuni.

Na katika Injili ya Luka, mlango wa saba, yuko mwanamke aliyeingia nyumbani kwa Simoni Farisayo akalia miguuni pa Bwana. Luka asema tu ya kuwa alikuwa mwenye dhambi. Hakuandika dhambi gani. Wahubiri ndio waliolijaza pengo, wakamwita kahaba, kwa sababu wadhani ya kuwa mwanamke hana dhambi nyingine iwezayo kujulikana mjini. Simoni alimtazama akaona namna ya mtu, "wa namna ile". Bwana wetu alimwuliza kama amwona mwanamke huyu. Tofauti yote ya makala yetu imo katika maneno hayo mawili.

Mariamu Magdalene alidhulumiwa zaidi. Injili zasema ya kuwa alitokwa na pepo saba, alimfuata Bwana, alisimama msalabani, na alifika kaburini asubuhi. Hakuna Injili isemayo ya kuwa alikuwa kahaba. Lakini mwaka 591 Papa Gregorio wa Kwanza, katika mahubiri yake, alimchanganya na yule mwanamke wa nyumba ya Simoni, na jina hilo likamganda karibu miaka 1,400. Mwaka 1969 kalenda ya Kanisa la Roma iliwatenganisha, na mwaka 2016 Papa Fransisko aliifanya siku yake, tarehe 22 Julai, kuwa sikukuu kama za mitume. Bado picha na michezo ya Pasaka katika vijiji vingi humwonyesha amepaka rangi midomoni. Ikiwa shahidi wa kwanza wa ufufuo aliweza kubeba jina la uongo muda huo wote, mama ntilie wa Rwamgasa atalivuaje la kwake?

Bwana wetu alipata kulitamka neno hili mwenyewe, alipowaambia wakuu wa makuhani na wazee ya kuwa watoza ushuru na makahaba watawatangulia katika ufalme wa Mungu. Lakini angalieni alimlenga nani. Hakuwa akiwaaibisha wanawake wale; alikuwa akiwaaibisha wenye joho refu. Mhubiri atakaye kulitumia neno hilo na alitumie hivyo.

Wengine siku hizi wametafuta dawa nyingine. Wasema tuache maneno hayo yote, tuseme "wafanyakazi wa ngono". Neno hilo lilitungwa kwa Kiingereza na mwanamke wa Marekani, Carol Leigh, mwishoni mwa miaka ya 1970, naye alitaka wanawake wale watazamwe kama watu wenye haki zao, wasipigwe, wasifukuzwe hospitalini. Shabaha hiyo ni njema, nasi twaipokea. Maana mwanamke aogopaye jina huogopa na kliniki, na ugonjwa uliofichwa hauogopi mtu. Lakini neno lenyewe halitutoshi. Halimfai mtoto, kwa maana mtoto hafanyi kazi pale, bali anadhulumiwa. Halimfai mjane ambaye angeiacha njia ile kesho kama angepata mtaji wa kuuza maandazi. Tena hata hili, kama yale ya zamani, lamtaja mwanamke peke yake.

Je, lugha yetu haiwezi kumtaja mwanamume? Yaweza, nasi tuna ushahidi. Wakati wa UKIMWI watu wa mitaani walizichezea herufi za Kiingereza za ugonjwa ule wakasema, "Acha Iniue, Dogodogo Siachi." Katika mzaha huo mchungu mwanamume alikiri kwa kinywa chake, lakini hakuwa na jina bado. Kisha, kuanzia miaka ya 2007 na 2008, redio za Tanzania zilitangaza vichekesho vifupi juu ya mtu mzima mwenye fedha aitwaye Fataki, awatongozaye wasichana wadogo kwa chipsi na lifti na simu. Na kila mara majirani walimwumbua. Fataki, kama wachimbaji wajuavyo, ndicho kidude kilipuacho baruti. Haukupita muda, jina likawa la watu wote. Makondakta walilitumia, wanafunzi walilitumia, na mzee aliyesimama na binti wa shule kituoni aliliogopa. Tangu kale wanaume wa namna ile walikuwapo, lakini hawakuwa na jina. Walipopata jina, walianza kuona haya. Basi haya yaweza kugawanywa upya, na mwenye kuigawanya ni ulimi.

Watungaji wetu wa hadithi nao wametuonyesha njia. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, katika kitabu chake cha Rosa Mistika cha mwaka 1971, alimweleza msichana ambaye kijiji kingemtupa kwa neno moja tu. Yeye hakufanya hivyo. Alituonyesha kwanza baba, Zakaria, mwenye pombe, aliyempiga binti yake kwa ajili ya barua ya mvulana. Na msomaji afikapo mwisho hajui tena hukumu imwangukie nani peke yake. Kitabu kilipata kuzuiwa mashuleni, nasi twaelewa hofu ya wazazi, maana kina mambo mazito. Lakini kilisema kweli juu ya nyumba nyingi za kando ya Ziwa. Said Ahmed Mohamed naye, katika Utengano wa mwaka 1980, hakutosheka kumweleza Maimuna aliyetoka katika kifungo cha nyumbani akaangukia katika nyumba ya Mama Jeni. Alimtoa hadharani na Bwana Maksuudi, baba yake, mtu wa heshima mchana, aliyekutanishwa na mwanawe mwenyewe nyumbani kwa Kazija. Hiyo ndiyo haki ya mwandishi: kuuwasha taa chumba kizima, si kona moja.

Mtu asidhani ya kuwa habari ya maneno ni kazi ya walimu wasio na shughuli. Sisi watu wa Usukuma twajua vema neno liwezalo kufanya. Vikongwe wangapi katika nchi hii waliitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, na macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi? Neno lilitangulia, panga likafuata. Waswahili walisema kweli, ulimi unauma kuliko meno.

Shuleni twaliona jambo hili kwa namna ndogo lakini chungu. Binti wa mama auzaye chakula machimboni huja darasani na daftari zake. Wenzake humwita mtoto wa malaya. Akiitwa hivyo mara kumi, huenda asije mara ya kumi na moja. Na akiacha shule, yuko njiani kuelekea mahali pale pale jina lilipomtangulia. Ndipo watu watasema, "Hatukusema?" Naam, mlisema, na kusema kwenu kulimsukuma.

Basi twashauri hivi. Mhubiri akitaja dhambi hii, na ataje watu wawili, wala asimwongezee mwanamke wa Biblia dhambi ambayo Biblia haikumwandikia. Mwandishi wa gazeti akiandika ya kuwa mwanamke aliuza, na aandike pia ni watu gani walinunua. Habari ikiwa ya mtoto, neno ni moja tu, amedhulumiwa. Asemaye vinginevyo amwulize hakimu. Mzazi na asimtishe binti yake kwa jina la wanawake wa machimboni, kwa maana kesho njaa yaweza kumpeleka huko, naye atashindwa kurudi nyumbani kwa sababu ya jina alilofundishwa mezani pa baba yake. Na mwalimu akisikia tusi hilo uwanjani, asipite kana kwamba hakusikia.

Kwa habari ya mwanamke mwenyewe, tumwite kwanza kwa jina lake. Analo, alipewa na wazazi wake, na wengi wao walilithibitisha kwa maji ya ubatizo. Yaliyobaki, kama yapo ya kuonya, tutayasema tukiwa tumekaa naye, tukimtazama usoni, na yule mwanamume tumemwita kikao hicho hicho.